Kipanya kinayumba kwenye upepo: mwongozo kamili wa kukituliza, hatua kwa hatua

"Nimefunga shokapu mpya zote nne, na bado nikitoka Manyoni kwenda Singida gari linataka kunivusha upande wa pili."

Malalamiko haya nimeyasikia mpaka siku hizi nayajua kabla mtu hajamaliza kusema. Kinachobadilika ni jina la barabara tu. Kwa mmoja ni Makambako, kwa mwingine ni chini ya milima ya Upare kati ya Same na Mwanga, kwa Mkenya ni tambarare za Kajiado kuelekea Namanga. Wote wamenunua kitu. Karibu wote hawajapima kitu.

Mwongozo huu nimeuandika kwa kipanya cha Toyota HiAce chenye paa refu, lile umbo lililotoka 2004, kwa sababu ndilo limejaa barabarani na ndilo nililolala chini yake mara nyingi zaidi. Mwenye gari jingine refu la aina hii afuate hatua zilezile, ila vipimo achukue vya gari lake. Usiruke hatua. Za mwanzo hazigharimu karibu chochote, na za mwisho hazina maana kama za mwanzo hazijakamilika.

## Vitu vya kuandaa

- Geji ya upepo wa matairi, ya kwako mwenyewe. Ile ya fundi pancha imeanguka chini mara ngapi, hujui.
- Futi kamba ya mita 5, chaki na daftari.
- Jeki, stendi mbili imara za kuegemezea gari, na kabari za matairi (jiwe la mviringo si kabari).
- Tochi na brashi ya waya.
- Nondo fupi au taimbo la kupimia vitu vinavyocheza.
- Spana za kawaida, na spana ya kupimia nguvu ya kukaza ukiweza kuiazima.
- Mtu mmoja wa kukusaidia. Konda anatosha.
- Sehemu tambarare ya sakafu au lami, si kokoto.

Onyo moja kabla ya yote: usiingie chini ya gari lililoshikwa na jeki peke yake, hata kwa dakika moja ya kuchungulia. Stendi kwanza, kabari kwanza, ndipo tumbo liguse chini.

## Hatua ya 1: Jua gari linafanya nini hasa

Watu husema "linayumba" kwa mambo matatu tofauti, na kila moja lina dawa yake. Hapa ndipo pesa nyingi hupotelea.

La kwanza ni kuinama. Upepo ukipiga ubavuni, bodi inalala upande mmoja na kubaki hivyo mpaka upepo upite. Hilo linahusu mzigo ulioko juu, springi na stabilaiza (chuma kinachounganisha gurudumu la kulia na la kushoto ili bodi isilale).

La pili ni kunesa. Upepo umekwisha kupita, lakini bodi bado inaenda huku na huku mara tatu, mara nne. Hiyo ndiyo kazi ya shokapu, na karibu hiyo tu.

La tatu ni kuhama njia. Bodi imesimama wima, ila gari lenyewe linasogea, nawe unalirudisha kwa usukani, linasogea tena. Hilo ni la matairi, viungo vya usukani, alaimenti (mpangilio wa pembe za magurudumu) na ekseli ya nyuma.

Sasa utaona kwa nini yule wa Manyoni hakufaulu. Gari lake lilikuwa linahama njia, yeye akanunua dawa ya kunesa. Shokapu haizuii upepo kulisukuma gari. Inatuliza mtikisiko baada ya msukumo.

Ili ujue unapambana na nini, piga hesabu ndogo. HiAce ndefu na pana ina urefu wa mita 5.38, upana wa mita 1.88 na kimo cha karibu mita 2.29. Ubavu wake ni kama mita za mraba 10. Upepo wa kilomita 40 kwa saa, ule ambao Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania huutolea tahadhari, ukipiga ubavu huo gari likiwa limesimama, msukumo wake unakaribia uzito wa kilo 75. Ni kama mtu mzima amejitupa ubavuni. Upepo ukifika kilomita 80 msukumo hauwi wa watu wawili, unakuwa wa watu wanne, maana kasi ya upepo ikizidi mara mbili nguvu inazidi mara nne. Na gari likiwa mwendoni, msukumo wa upepo huohuo unakua zaidi.

Cha kufanya: endesha siku ya upepo kwenye barabara unayoijua, konda akiwa na daftari. Kila pigo la upepo aandike: limeinama, limenesa, au limehama. Mapigo kumi yanatosha. Kisha rudia barabara ileile siku tulivu, kwa kilomita 60 kwa saa, ukiushika usukani kwa wepesi.

Umefaulu ukipata jibu la wazi la kipi kinazidi. Gari likihama hata siku isiyo na upepo, tayari umejua kitu kikubwa: upepo haukuleta ugonjwa, umeuonyesha tu.

## Hatua ya 2: Shusha mzigo

Anza na keria. Kila kilo iliyoko juu ya paa inafanya kazi mbili mbaya: inapandisha kitovu cha uzito, na inaongeza eneo la kupigwa na upepo, kama tanga la mashua. Mzigo wenye kimo cha sentimita 50 na urefu wa mita 2.5 juu ya keria umeongeza zaidi ya mita moja ya mraba ya ubavu. Hiyo ni kama sehemu ya nane ya ubavu wote, na imekaa mahali ambapo upepo una mkono mrefu kuliko mahali pengine popote.

Kwa hiyo magunia, betri, mitungi na mashine vikae sakafuni. Juu, ikibidi, viende magodoro na mabegi ya nguo, yakiwa yamelazwa na kufungwa chini kabisa. Turubai lisibaki na kona inayopepea. Keria tupu isiyotumika iondoe. Wengi hutembea nayo mwaka mzima kwa mazoea tu.

Halafu angalia mzigo umekaaje kwa urefu wa gari. Uzito ukirundikwa nyuma ya ekseli ya nyuma, pua inakuwa nyepesi na matairi ya mbele yanapoteza mshiko. Usukani unakuwa laini, dereva anaufurahia mjini, akitoka nje ya mji upepo unampeleka unakotaka. Vitu vizito viwe kati ya ekseli mbili.

Gari tupu nalo lina shida yake. Ubavu ni uleule lakini hakuna uzito wa kuushikilia chini. Ndiyo maana safari ya kurudi bila abiria mara nyingi ni mbaya kuliko ya kwenda. Usijaze mawe. Punguza mwendo tu, na abiria wachache uliobaki nao wahamie siti za mbele na za katikati.

Umefaulu ukiona gari linainama kidogo kuliko jana kwenye kona ileile unayoipita kila siku. Huhitaji kusubiri upepo kulijua hilo.

## Hatua ya 3: Upepo wa ndani kabla ya upepo wa nje

Kwetu hewa ya tairi tunaiita upepo, na sijui hatua nyingine ambayo neno moja limebeba ugonjwa na dawa kwa pamoja. Tairi lenye upepo pungufu lina ukuta laini. Gari linaposukumwa, rimu inasogea kwanza huku sehemu inayogusa lami imebaki nyuma, kisha inafuata kwa kuchelewa. Wewe ulishageuza usukani katikati ya kuchelewa huko. Sasa mnafukuzana.

Soma kibandiko. Kipo kwenye nguzo ya mlango wa dereva. Magari ya Japani huandika kwa kilopaskali (kPa). Kila kPa 100 ni sawa na psi 14.5 (paundi kwa inchi ya mraba), hivyo kPa 300 ni psi 43.5. Mara nyingi mbele na nyuma hutofautiana, na gari tupu hutofautiana na lililojaa. Fundi pancha anayejaza "35 kote" amekujazia upepo wa gari dogo la nyumbani.

Pima tairi likiwa baridi, asubuhi kabla ya safari, au baada ya gari kusimama kwa muda wa saa tatu. Tairi la moto husoma juu, ukilipunguza hapo litakuwa pungufu kesho.

Soma ubavu wa tairi. Saizi ya kawaida ya HiAce nyingi ni 195/80R15, na lazima liwe la gari la mizigo: tafuta herufi LT au C, na namba za kubeba uzito kama 107/105. Namba 107 maana yake tairi moja linabeba kilo 975. Tairi la gari dogo linaweza kuingia kwenye rimu hiyohiyo na kupendeza kabisa, ila ukuta wake haukutengenezwa kwa mzigo huu. Hili nalikuta mara nyingi kuliko ninavyopenda.

Soma umri. Mwisho wa maandishi ya DOT kuna tarakimu nne: 2321 ni wiki ya 23 ya 2021. Matairi ya mtumba yenye kashata (meno ya kushika lami) nzuri lakini umri mkubwa yamekauka. Na mawili ya ekseli moja yawe ya aina moja na uchakavu mmoja. Kushoto jipya na kulia kipara, gari litahama hata Jangwani pasipo upepo.

Onyo: usijaze kupita kiwango cha juu kilichoandikwa ubavuni mwa tairi ukidhani ugumu zaidi ni utulivu zaidi. Tairi lililojazwa mno linagusa lami kwa katikati tu, na kwenye mvua litateleza.

Umefaulu ukihisi usukani unajibu mara moja, bila ule ulegevu wa sekunde mwanzoni. Kwa uzoefu wangu, karibu nusu ya wanaolalamika huishia hapa, na huwa wanakasirika kidogo.

## Hatua ya 4: Pima mkia ulioinuliwa

Hii ndiyo hatua ambayo sijaona mtu akiifanya bila kuambiwa, na ndiyo iliyonifanya niandike.

Gari linaloingia kwenye biashara huongezewa jani la springi nyuma, wakati mwingine mawili, ili lisilale likijaa. Sawa. Lakini likiwa na abiria wachache, mkia unabaki juu na pua chini. Watu huona ni urembo. Kwenye usukani ni balaa, kwa sababu ya pembe iitwayo kasta.

Kasta ni ule mlalo wa kwenda nyuma wa mhimili ambao gurudumu la mbele linageukia. Tazama uma wa baiskeli: haukusimama wima, umelala kuelekea kwako. Mlalo huo ndio unaofanya uweze kuachia mikono na baiskeli iendelee mbele. Ukisimamisha uma wima, baiskeli itatangatanga. Ukiinua mkia wa gari, unasimamisha uma.

Hesabu yake ni rahisi. HiAce fupi ina sentimita 257 kutoka ekseli hadi ekseli, ile ndefu ina 311. Kwenye fupi, kuinua nyuma kwa sentimita 4.5 bila kugusa mbele kunapoteza digrii moja nzima ya kasta. Kwenye ndefu ni sentimita 5.4. Digrii moja kwa gari lenye digrii chache tangu kiwandani si kitu cha kudharau.

Cha kufanya:

1. Weka gari sehemu tambarare, upepo sahihi, mzigo wa kawaida.
2. Pima kutoka katikati ya rimu wima hadi ukingo wa bodi juu ya tairi, pembe zote nne. Andika.
3. Tafuta HiAce ya umbo hilohilo ambayo haijaongezwa springi, ipime vivyo hivyo.
4. Linganisha. Je, mkia wako umepanda kiasi gani kuliko wa mwenzako, mbele zikiwa sawa?

Ikiwa umezidi sentimita 4, rudi kwenye swali la msingi: unabeba uzito gani kila siku? Kama jani la ziada lilifungwa kwa ajili ya msimu wa vitunguu na sasa unabeba abiria, litoe. Wapo wanaosawazisha kwa kukaza tosheni baa za mbele (vyuma vinavyojisokota kufanya kazi ya springi) ili pua ipande. Inasaidia kasta, lakini inaharibu pembe nyingine na kuacha miguu ya mbele bila nafasi ya kushuka kwenye shimo. Ukilazimika, panda kidogo tu, na alaimenti ifuate siku hiyohiyo.

Angalia pia kulia na kushoto. Tofauti ya zaidi ya sentimita 1.5 kati ya pande mbili za ekseli moja inaashiria springi iliyochoka au jani lililovunjika.

Umefaulu ukiona usukani unarudi wenyewe katikati baada ya kona. Kama kabla ya hapo ulikuwa unaurudisha kwa mkono, tofauti utaihisi kabla hujafika lami.

## Hatua ya 5: Tafuta kinachocheza mbele

Kwanza, gari likiwa chini na injini ikiwaka, matairi yakiangalia mbele, chezesha usukani taratibu kulia na kushoto huku konda akitazama tairi. Umbali ambao mkono wako unatembea kabla tairi halijaanza kusogea usizidi sentimita 3 kwenye ukingo wa usukani. Ukizidi, unaendesha gari lenye usingizi: kila sahihisho lako linachelewa.

Kisha inua mbele, weka stendi, na fanya hivi kila upande:

- Shika tairi juu na chini, lisukume na kulivuta. Likicheza, mwambie konda akanyage breki. Mchezo ukiisha, ni beringi. Ukibaki, ni bol joint (kiungo ambacho gurudumu linageukia).
- Shika kulia na kushoto, rudia. Hapa unasikiliza tairodi (vyuma vinavyosukuma magurudumu yageuke) na raki ya usukani inayovisukuma.
- Ingiza nondo kati ya mkono wa chini unaoshika gurudumu na chesisi, chokonoa polepole. Bushi (mpira wa kwenye kiungo) nzima inarudi yenyewe. Iliyokufa inaachia mwanya unaouona kwa tochi.
- Tikisa viungo vya stabilaiza kwa mkono. Hivi hufa mapema kuliko vyote, vinagonga "koko-koko" kwenye matuta, na watu huvizoea. Stabilaiza ikiwa na kiungo kilichokatika ni chuma tu kinachosafiri bure.

Badilisha kilichokufa kwa jozi, kulia na kushoto. Bushi za mpira zikazwe mwisho gari likiwa limesimama kwa matairi yake. Ukizikaza miguu ikining'inia zinabaki zimejisokota na zitapasuka mapema. Mafundi wengi wanaijua kanuni hii, ila haraka huwashinda.

Umefaulu ukikuta hakuna mlio wala mwanya, na ule mchezo wa usukani umeshuka chini ya sentimita 3.

## Hatua ya 6: Ekseli ya nyuma, isiyo na wakili

Kila mtu anaiangalia mbele kwa sababu usukani uko mbele. Lakini ekseli ya nyuma ya HiAce imeshikiliwa na springi za majani peke yake. Bushi za springi zikilegea, ekseli nzima inageuka kidogo kila upepo unapopiga, na gari linajiongoza kwa magurudumu ya nyuma. Dalili yake ni mkia unaotikisika kama wa samaki huku mbele umetulia.

Kagua mambo manne.

Bushi na shako (vyuma vinavyoning'iniza mwisho wa springi). Gari likiwa chini na kabari zimewekwa, konda asukume bodi kwa ubavu, juu karibu na paa, mara kwa mara. Wewe ukiwa pembeni, tazama bushi za springi kwa tochi. Bodi inapaswa kusogea kwa springi kujikunja, si kwa pini kutembea ndani ya tundu.

Yubolti, zile bolti za umbo la U zinazofunga springi kwenye ekseli. Safisha kwa brashi. Mstari wa kutu nyekundu unaotiririka kutoka kwenye nati ni dalili ya kulegea. Kaza kwa kipimo cha kitabu cha gari, na ukague tena baada ya siku chache za kazi.

Majani. Pitisha tochi kila jani, hasa karibu na yubolti. Ufa huanzia hapo.

Senta bolti. Hii ni bolti ndogo inayopita katikati ya majani na kuiweka ekseli mahali pake. Ikikatika, ekseli inaweza kuteleza mbele au nyuma upande mmoja na gari likaendelea kutembea kama kawaida. Huioni kwa macho. Inaonekana kwa futi kamba: matairi yakiwa yamenyooka, pima kutoka katikati ya rimu ya mbele hadi katikati ya rimu ya nyuma, upande wa kulia, kisha wa kushoto. Vipimo viwe sawa, tofauti isizidi milimita chache.

Nakumbuka gari moja lililokuwa limebadilishwa shokapu mara mbili na raki ya usukani mara moja. Kulia lilisoma sentimita 257, kushoto 255 na nusu. Senta bolti ilikuwa imekatika, pengine muda mrefu, na ekseli ilikuwa imejikalia mshazari. Mwenye gari aliiangalia ile bolti mkononi, akauliza bei yake, kisha akakaa chini.

Vipimo vikitofautiana na senta bolti ni nzima, huenda gari liligongwa na chesisi imepinda. Hapo usinunue kipuri kingine chochote kabla halijapelekwa kwa wanaonyoosha chesisi.

## Hatua ya 7: Shokapu, sasa ndiyo zamu yake

Kandamiza kona ya gari kwa uzito wako mara tatu, kisha achia. Bodi ipande, ishuke, itulie. Ikiendelea kunesa, shokapu imekufa. Mafuta yanayolowesha nusu ya chini ya shokapu ni jibu hilohilo. Ukungu mwembamba wa vumbi na mafuta hauhesabiki.

Badilisha mbili za ekseli moja kwa pamoja. Usichanganye ngumu sana nyuma na za kawaida mbele. Abiria wa siti ya mwisho watakuambia wenyewe.

## Hatua ya 8: Alaimenti

Ifanye baada ya hatua zote za juu, kamwe si kabla. Alaimenti juu ya bol joint inayocheza ni kunyoosha nguo ambayo bado iko mwilini.

Nenda ukiwa na upepo sahihi na mzigo wa kawaida, na uombe karatasi ya kabla na baada. Angalia mambo mawili. Matairi ya mbele yaelekeane kwa ndani kidogo sana au yawe sambamba, kulingana na kipimo cha gari; yakitazama nje, gari litatangatanga. Na kasta ya kulia na kushoto zikaribiane. Fundi akikuambia kasta haina haja ya kupimwa, shukuru, lipa maegesho, ondoka.

Umefaulu ukiona usukani umekaa sawasawa kwenye barabara iliyonyooka, na gari halivuti.

## Hatua ya 9: Stabilaiza ya nyuma, kwa wanaoihitaji tu

HiAce nyingi hazina stabilaiza nyuma. Kuongeza moja kunapunguza kuinama kwa kiasi unachokihisi siku ya kwanza. Lakini kama shida yako kwenye daftari la hatua ya 1 ilikuwa kuhama njia, haitakusaidia.

Chagua ya unene wa kawaida. Nene mno inalifanya gurudumu la ndani la nyuma kunyanyuka kwenye kona, na kwenye lami yenye mvua au changarawe mkia unaweza kuondoka ghafla. Waya na mabomba ya breki yasiguswe na chuma hicho gari likijaa wala likiwa tupu. Jaza watu ndani, chungulia tena.

Kuhusu spesa za rimu za kupanua matairi: siziweki, wala sishauri. Zinachosha beringi na nati, na faida yake kwenye upepo ni ndogo.

## Hatua ya 10: Rudi barabarani

Chukua barabara ileile ya hatua ya 1, konda na daftari lilelile.

Njia moja ya barabara zetu kuu ina upana wa mita 3.25 hadi 3.5. Ukiwa na gari la mita 1.88, umebaki na sentimita 70 hadi 80 kila upande. Kwa kilomita 100 kwa saa unakimbia mita 28 kila sekunde. Kwa 80 ni mita 22. Kushuka kutoka 100 hadi 80 kunapunguza msukumo wa upepo na kukuongezea muda wa kusahihisha, vyote kwa mguu mmoja.

Shika usukani kwa mikono miwili, ila usiukabe. Pigo la upepo likija, zuia kidogo na usubiri. Wengi huyumba si kwa pigo bali kwa sahihisho kubwa walilolifanya pigo likiwa limeshapita.

Jifunze kuusoma upepo kabla haujakufikia: moshi uliolala, nyasi zilizoinama upande mmoja, chamchela shambani, vumbi linalovuka lami mbele yako. Mwisho wa mkato wa mlima, mwisho wa safu ya miti na kichwa cha daraja ni mahali pa kutegemea pigo.

La hatari kuliko yote ni semitrela. Tuseme upepo unatoka kushoto, nawe unaipita. Umekuwa ukikaza usukani kushoto kuzuia upepo. Ukiingia kwenye kivuli chake, upepo unakatika ghafla na ule ukazo wako unakuvuta kuelekea kwenye trela. Legeza usukani pale pale. Ukichomoza mbele ya kichwa chake, upepo unakurudia wote kwa mara moja na kukusukuma kulia, upande wa wanaokuja. Kaza tena, kidogo. Upepo ukitoka kulia, lori linalokuja mbele yako linafanya mchezo huohuo: likikufikia linakukinga, na mkono wako uliokaza kulia unakupeleka kwake. Ukiwa na shaka, kaa nyuma ya trela. Abiria watachelewa dakika kumi.

Upepo ukikulazimisha kutumia zaidi ya nusu ya nafasi uliyobakiwa nayo kila upande wa njia yako kwa kilomita 60 kwa saa, egesha. Elekeza pua ya gari kwenye upepo, si ubavu, na kila mlango ufunguliwe kwa kushikwa, kwa sababu upepo wa Singida umeshapindisha bawaba nyingi za milango ya vipanya.

Mapigo kumi tena, konda aandike. Ukikuta yale ya "limehama" yameshuka kutoka saba hadi mawili, gari limepona. Hayo mawili ni ya upepo wenyewe.